Mgahawa wa Kiitaliano umemlisha mama mkwe wangu nguruwe, halafu wakatuomba radhi kwa tiramisu yenye pombe

Wakuu, habari za saa hizi. Nimejizuia siku tatu nisiandike, maana usiku ule ule ningeandika matusi mpaka mnifungie akaunti. Leo nimepoa kidogo. Kidogo tu.

Kuna mgahawa wa Kiitaliano mtaani ninakoishi. Ni kamgahawa ka meza kumi na moja, vitambaa vya miraba myekundu na myeupe, mishumaa imechomekwa kwenye chupa tupu. Jina silitaji, na msije kuniuliza pembeni. Nimekula pale mara nyingi, na ndicho kinachoniuma, kwa sababu mimi ndiye niliyewapeleka watu. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea, akasema "nipeleke popote mwanangu, nakuamini." Nikajiona mkwe wa maana.

Sasa mama ni mtu wa dini. Nguruwe hagusi, pombe hagusi. Na wala si mtu wa makelele: anauliza mara moja, kwa adabu, ukimjibu anakuamini. Kwenye menyu akavutiwa na tagliatelle al ragù, yaani tambi bapa kwa mchuzi, chini yake pameandikwa "mchuzi wa nyama uliopikwa polepole." Akamuuliza mhudumu, "Baba, hii nyama ni ya nini?"

Kijana hata macho hakuinua kwenye kile kidaftari chake. "Ng'ombe tupu, mama."

Mimi nikashtuka, maana ragu ya Bologna, ule mji wa Italia, naijua. Ile resipe iliyosajiliwa kwenye Chemba ya Biashara ya Bologna mwaka 1982 inataka gramu 300 za nyama ya ng'ombe na gramu 150 za pancetta, yaani nyama ya tumbo la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi. Tena inataka na nusu glasi ya divai. Lakini wapishi wengi hupika kivyao, nikasema labda hawa wameitoa. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hebu kaulize jikoni mara moja." Akanijibu, "Bro, mimi nafanya kazi hapa, najua tunachouza."

Mlango wa jikoni uko hatua tisa kutoka meza yetu. Nilikuja kuzihesabu baadaye, nilipokwenda mwenyewe.

Chakula kilikawia, hilo nalipita. Sahani zikaja, mama akasema bismillah yake, akaanza. Uma wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mimi nilikuwa nahangaika na sahani yangu (nitaieleza hapo chini), nilipoinua macho nikaona kwenye tambi zake kijipande cha mraba, kidogo kama punje ya hindi, cha pinki, upande mmoja kina utando wa mafuta unaong'aa. Pembeni yake nyama ya kusaga imeiva, kahawia. Wakuu, nyama ya ng'ombe ikitokota saa mbili haibaki pinki. Inayobaki pinki ni ile iliyotiwa chumvi ya kuhifadhia.

Nikainuka bila kusema kitu. Hatua tisa. Mpishi, mtu mzima, ana kitambaa begani, nikamuuliza ragu ina nini. Akanitajia bila kigugumizi: ng'ombe, pancetta, karoti, kitunguu, figili, nyanya, divai nyekundu. "Kuna shida? Hakuna aliyeniuliza." Huyu sina ugomvi naye kabisa. Ukimuuliza anakujibu. Tatizo ni kwamba kati yake na mama mkwe wangu kuna mtu aliyeona aibu kusema "sijui, ngoja niulize."

Sasa jaribuni kufikiria narudi mezani, na sentensi ninayotakiwa kumwambia mama mzazi wa mke wangu. Nilimwambia mke wangu kwanza, sikioni. Akamwambia mama yake kwa lugha yao. Mama aliweka uma chini, akachukua karatasi ya kufutia, akajifuta mdomo taratibu, akaomba maji, akainuka kwenda msalani. Alikaa huko muda mrefu. Mke wangu hakuniangalia.

Akaja meneja. Nilidhani nitasikia "tumekosa." Nilichosikia ni hiki: "Pole sana bosi, ila mfahamu hiyo ndiyo ragu halisi ya Kiitaliano."

Halisi!

Wakuu, hapo ndipo nilipochemka. Kwanza tagliatelle yenyewe ilikuwa nyembamba kama kamba ya kiatu, wakati hao hao watu wa Bologna walishaweka kipimo tangu 1972, tambi ikishaiva iwe na upana wa milimita 8. Hilo ningeweza kulisamehe, sipimi chakula kwa rula. Ila tuje kwenye sahani yangu. Niliagiza cacio e pepe. Kitu chenyewe ni tambi, jibini la pecorino, pilipili manga na maji yaliyochemshia tambi, basi. Ufundi wote uko kwenye moto: wanga ulio kwenye yale maji ndio unaoshika jibini likawa rojo laini, lakini ukilimwaga likiwa kwenye sufuria linalofoka, linakatika. Mimi nililetewa tambi zinazoogelea kwenye maji meupe, na chini ya sahani donge la jibini saizi ya ngumi ya mtoto. Nilipolivuta kwa uma likanyooka kama chingamu na kurudi.

Mke wangu aliagiza pizza margherita ambayo menyu inasema ni "ya Napoli, kutoka tanuri la kuni." Pizza ya Napoli huokwa kwenye joto la nyuzi 430 za Selsiasi kwenda juu, na inatoka ndani ya sekunde 60 hadi 90. Ufundi wa wale jamaa ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2017, si mchezo. Ya kwetu ilitoka baada ya dakika arobaini, imekauka pembeni kama biskuti na katikati ina dimbwi. Nikageuka kuangalia lile tanuri la kuni, lile zuri la matofali linaloonekana ukumbini. Ndani kulikuwa na katoni za leso. Katoni, wakuu! Zimepangwa vizuri, tatu chini moja juu.

Kwa hiyo uhalisi haupo kwenye tambi, haupo kwenye jibini, haupo kwenye tanuri, ila siku nguruwe anaingia mdomoni mwa mtu aliyeuliza na kudanganywa, ndiyo siku mnakumbuka Bologna.

Nikamwambia meneja hayo hayo, kwa sauti ambayo meza zote kumi na moja zilisikia. Akasema ngoja, tutawapa kitu. Mama alikuwa amesharudi, amekaa kimya, mkoba mapajani. Wakaleta tiramisu, ile keki laini ya kahawa, kipande kikubwa, wamemwagia kakao na kuchora moyo. Mke wangu akainua kijiko, harufu ikamfika kabla hajafungua mdomo. Marsala, divai ya Kiitaliano. Kutoka kwa mtu ambaye dakika kumi zilizopita ameelezwa kwa nini tumekasirika! Meneja anasema "ni kidogo tu, hailewishi." Nilicheka. Kweli nilicheka, kile kicheko cha mtu aliyeishiwa.

Bili ilipokuja: ragu imetozwa yote. Mkate ambao hatukuuagiza umetozwa. "Coperto," ada ya kukalia kiti, mara watu watatu. Tiramisu imeandikwa "zawadi," sifuri.

Najua kuna watakaokuja hapa na swali lao: "Kama hamli nguruwe, mlifuata nini kwa Waitaliano?" Nawajibu kabisa nisije nikarudia. Vyakula vingi vya jiko la Kiitaliano havina nyama hata chembe. Tambi za kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, tambi za nyanya, bilinganya za parmigiana zilizookwa kwa jibini. Mama angekula yoyote kati ya hizo kwa furaha. Hakuja kuwabadilishia menyu, aliuliza swali moja.

Na msidhani hili ni la dini peke yake. Ulaya wana sheria, tangu Desemba 2014, mgahawa lazima umweleze mteja iwapo chakula kina chochote kati ya vitu 14 vinavyosababisha mzio. Nguruwe hayumo kwenye orodha hiyo, ila karanga zimo, na korosho na jamii yake zimo. Pesto asilia, ule mchuzi wa kijani wa tambi, ina mbegu za msonobari, na zile za makopo za bei rahisi mara nyingi hujazwa korosho. Mortadella, ile soseji nene ya Kiitaliano, nyingine ina pistachio ndani. Sasa yule kijana wetu wa "najua tunachouza" akiulizwa na mzazi wa mtoto mwenye mzio wa korosho, atajibu nini? Atajibu haraka, akiwa anaandika.

Asubuhi yake niliwatumia ujumbe. Sikuomba hela. Niliomba neno moja liongezwe kwenye menyu chini ya ragu: pancetta. Na wahudumu waambiwe kwamba kwenda kuuliza jikoni si aibu. Wameusoma, tiki mbili za bluu zipo, jibu hakuna.

Jana jioni nimepita pale kwa miguu. Menyu ipo dirishani, karatasi mpya kabisa, wamechapisha upya. Bei ya coperto imepanda. Ragu bado ni "mchuzi wa nyama uliopikwa polepole."