Mjadala: Mvuvi wa Moa akivuka mpaka akaingia maji ya Kenya, akamatwe au asikilizwe?

Bin Moa (mleta mada)
Wadau salaam. Kila wakizungumzia usalama wa bahari nasikia rada na manowari tu, sasa niwaambie ya huku kwetu Moa, wilaya ya Mkinga. Vanga ya Kenya si mbali, na mpaka wa baharini ambao Kenya na Tanzania walikubaliana 1975 na 1976 hauna boya wala kamba, kusi ikivuma na mkondo ukikubeba ushaingia Kenya na huna habari.

Mwaka juzi mjomba wangu katega jarife usiku, yaani wavu mkubwa, akaona jahazi limezima taa, boti mbili za faiba zimeligandama, mizigo inashushwa kimya kimya. Simu anayo, mtandao unashika, hakupiga. Namuuliza kwa nini, ananambia "nikipiga wakiniuliza niko wapi nijibu nini?" Maana alikuwa upande usio wake, na mwenzake alishakamatwa na doria wakachukua mashine, akarudi kwa tanga, mashine mpaka leo haijarudi. Yaani mtu pekee aliyeliona lile jahazi ndo huyo huyo tuliyemtia woga asiseme. Mi nasema nchi hizi mbili zianze hapo kuaminiana, nyie mnaonaje?

Mwana Shimoni
Pole kwa hayo ndugu, ila sheria lazima iwepo. Sisi huku Kenya tumeona nyavu za ringi zikija kutoka ng'ambo zinazoa mpaka vitoto vya samaki, mwenye ngalawa yake anarudi na kilo mbili. Na heroini inayotoka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, inaletwa na majahazi yanayofanana na ya uvuvi, askari atajuaje usiku nani mjomba wako na nani mwenye unga? Ukimlegezea mmoja umewalegezea wote.

Mpemba wa Kilifi
Hapo kwa "atajuaje" nna la kusema. Wazee wetu wakija dago huku tangu enzi na enzi, wanapiga kambi msimu mzima wanakausha papa, na wengi tulizaliwa hapahapa hatuna kitambulisho. Tukiona jambo baharini tunanyamaza, polisi mwenyewe unamkimbia utampelekea habari gani! 2023 Kenya ikatutambua Wapemba kuwa kabila la nchi hii, na mimi nshaona kwa macho yangu, kijana aliyepata kitambulisho anaingia kituoni kuripoti boti asoijua, babake hakuwahi kufanya hivyo maisha yake yote.

Bin Moa
Mpemba umenisaidia sana. Mwana Shimoni, sisemi mpaka ufutwe. Angalia mlango wa bahari wa Malacca kule Asia, Indonesia, Malaysia na Singapore walianza doria za pamoja 2004 na kila mmoja akabaki kwenye maji yake, wanapeana habari tu, 2005 wakaongeza ndege za doria zinazobeba maofisa wa nchi zaidi ya moja. Mwaka huohuo watu wa bima kule London walikuwa wameuweka mlango ule kwenye orodha ya hatari, 2006 wakautoa. Na wale walikuwa na magomvi ya mipaka kutushinda sisi.

Sisi tumesaini makubaliano ya Djibouti 2009 ya kupambana na maharamia, na pia kuna kituo cha habari Madagascar na cha operesheni Shelisheli, vizuri kabisa, lakini jahazi la mbao lililozima kila kitu hawalioni kirahisi kama anavyoliona mtu wa jarife. Kwa hiyo BMU ya Moa, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, itoe kibali cha dago chenye picha na namba ya chombo, BMU ya Vanga ikitambue, na mtu akikamatwa ipigwe simu ng'ambo kwanza kabla mashine haijaguswa.

Mwana Shimoni
Kibali chenye picha nakubali, hiyo askari anaweza kukagua na tochi. Ringi hapana, hata awe na vibali kumi.

Bin Moa
Ringi hata mimi siitaki, zinatumaliza wote. Sasa niambie, hiyo simu ya upande wenu saa nane usiku ashike nani, mwenyekiti wa BMU au askari? Maana mjomba nimemuuliza jana, kasema mwenyekiti wa Vanga wamecheza naye mpira, huyo atampigia hata leo.