Tupeane uzoefu: bosi aliyekunyima usingizi na bosi aliyekulea kazini

Mleta mada
Wakuu, Ijumaa jioni nimeshafunga kompyuta, ujumbe wa bosi ukaingia: "Jumatatu asubuhi uje tuongee." Nikajibu "Sawa bosi." Kimya. Jumamosi nzima nikawa nasoma upya barua pepe za mwezi mzima kutafuta nilipoharibu, na mtu akijitafutia kosa halikosi, nilipata 4. Jumatatu nimekaa mbele yake viganja vimelowa jasho, anauliza kama naweza kusogeza likizo yangu wiki moja mwenzangu apate kwenda kuoa. Dakika 2, nikatoka.

Usiku 3 bila kulala kwa maneno manne! Na mwenyewe hana habari. Haya, lete wako, aliyekutesa au aliyekulea. Majina ya watu na kampuni tuyaache.

Nesi wa zamu ya usiku
Namleta aliyenilea. Wiki yangu ya pili wodini, natakiwa kumwekea mzee mmoja laini ya dripu. Nikachoma, nikakosa. Nikachoma tena, mshipa ukapasuka, mkono ukaanza kuvimba. Sista msimamizi alikuwa nyuma yangu muda wote. Nikajua leo natolewa mbele za wagonjwa.

Akavuta stuli, akakaa upande wa pili wa kitanda. "Baba, mishipa yako leo imejificha, tuvumilie kidogo." Imejificha! Akauteremsha mkono mwingine uning'inie, akasubiri, kisha akachukua kidole changu akakiweka juu ya mshipa kabla hajachoma yeye. "Bonyeza. Ukinesa, huo ndio wenyewe. Usiamini macho." Koridoni akaniambia kesho wa kwanza nachoma mimi, naye atakuwepo. Ni miaka 9 sasa, na bado kidole kinatangulia macho.

Mhasibu
Hongera nesi. Ila kuna anayekulea huku anakuwekea akiba ya kukumaliza. Bosi wangu wa kwanza alikuwa ananiita "mwanangu", ananipa lifti, ananiuliza napata shida wapi. Nami nikafunguka kama niko kwa mama: nikisimama kwenye kikao sauti inatetemeka, usiku wa kuamkia kikao silali. Tathmini ya mwaka ilipokuja, nikakuta kwenye fomu: "Hajiamini mbele za watu, hafai kuongoza timu kwa sasa." Maneno niliyomwambia mwenyewe, garini. Nikasaini.

Tangu hapo msimamo wangu ni mmoja: anayekulea na anayesaini tathmini yako wasiwe mtu mmoja.

Mdau
Wangu miaka 3 aliniita "wewe wa dirishani". Siku naaga ndipo akauliza jina.

Afisa rasilimali watu
Mhasibu umegusa penyewe. Mwaka 1959 wanasaikolojia French na Raven walitaja mambo matano yanayompa mtu nguvu juu ya wenzake: cheo, uwezo wa kuzawadia, uwezo wa kuadhibu, ujuzi, na kule watu kumpenda wakataka kuwa kama yeye. Baadaye Raven akaongeza la sita, taarifa. Sista wa nesi alitumia ujuzi wake. Bosi wa mhasibu alipendwa, akapata taarifa, akaigeuza fimbo. Wa mleta mada ana cheo tu, nacho kilimtisha mtu wakati mwenyewe yuko kwake amelala.

Kwa wanaoteswa kweli: Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unahesabu unyanyasaji kazini hata ukitokea mara moja, hata kwa njia ya simu, na unawalinda mpaka walio mafunzoni. Nchi yako ikiwa imeuridhia, una pa kuanzia. Andika tarehe, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, na nani alikuwepo. Ukija ofisini kwangu na "huwa ananionea", nakuamini, lakini sina la kushika.

Msimamizi wa stoo
Mimi ndiye huyo bosi mnayemsema. Mkurugenzi akinifokea asubuhi, kufika saa 4 nimeshafokea watu watano. Nikajisifu stoo yangu haina makosa. Siku ya kuhesabu mali tukakuta maboksi yaliyolowa, yamepangwa nyuma, mazima yamewekwa mbele. Paa lilivuja mwezi mzima. Kijana aliyeliona la kwanza nikamuuliza kwa nini hakusema. Akatazama chini: "Siku ile ulikuwa umekasirika, mzee." Siku ipi? Hakutaja. Nadhani zilikuwa nyingi.

Kufoka sijaacha kabisa, nisiwadanganye. Ila anayeniletea habari mbaya simjibu papo hapo. Kwanza naenda kuona kwa macho yangu.

Mhasibu
Mzee wa stoo, kijana bado yupo?

Msimamizi wa stoo
Aliomba uhamisho. Nilimsainia.

Mleta mada
Mrejesho wakuu. Nilijikaza nikamwonyesha bosi ule ujumbe wake, nikamweleza wikiendi yangu ilivyokwenda. Akacheka. Alipoona sicheki, akausoma tena taratibu. Jana jioni kaandika: "Kesho uje tuongee. Ni ratiba ya zamu tu."

Nimelala mpaka nikachelewa kazini.