Cape Dory Typhoon ya mwaka 1974: je, sitaha inayobonyea ni sababu ya kuiacha?

Mleta mada:
Ndugu wanajamvi, heshima kwenu. Ninaishi Massachusetts, Marekani, karibu na ghuba ya Buzzards Bay, na nimepata mashua ya faibaglasi aina ya Cape Dory Typhoon iliyokaa nchi kavu kwa miaka mingi. Ninaitaka kwa safari za kutoka asubuhi na kurudi jioni pamoja na mke wangu na mtoto wetu. Bodi haina ufa, lakini nilipokanyaga sitaha karibu na mlingoti ilibonyea, na maji ya rangi ya chai yakachuruzika kwenye tundu la skurubu. Je, niiache?

Mchangiaji wa kwanza:
Usiiache kabla ya kuigonga. Chukua nyundo ndogo ya plastiki, gonga sitaha yote hatua kwa hatua, na uweke alama za chaki: palipo pazima hulia ko, ko, na palipooza sauti hufa kama unayegonga gunia la unga. Katikati ya matabaka mawili ya faibaglasi kuna mti mwepesi wa balsa, nao hulowa maji yanapopenya kwenye matundu ya skurubu. Doa dogo hutengenezeka kwa kukata tabaka la juu, kuondoa balsa iliyooza, kuweka mpya na kufunga kwa gundi ya epoksi. Chunguza zaidi chini ya mlingoti, kwa sababu katika Typhoon mlingoti husimama juu ya sitaha, haushuki hadi mkukuni, yaani uti wa chini wa mashua.

Mchangiaji wa pili:
Ninaunga mkono. Carl Alberg, Mswidi aliyehamia Marekani, aliichora ikiwa na mkuku mrefu, na katika uzito wake wa takriban kilo 900, karibu 400 ni madini ya risasi. Alasiri za kiangazi, upepo wa kusini-magharibi unapokutana na maji yanayokupwa katika ghuba hiyo, mawimbi huwa mafupi na ya wima, na hapo ndipo utakapoupenda uzito huo. Hata hivyo, punguza tanga mapema, hasa ukiwa na mtoto.

Mleta mada:
Shukrani, ndugu zangu. Nimeigonga jana: chini ya mlingoti pamelia vizuri, na doa, lenye ukubwa wa sinia, liko upande wa kulia. Muuzaji amekubali kupunguza bei, kwa hiyo nitaanza kukata Jumamosi mvua isiponyesha.