Tupeane uzoefu: dizeli kuukuu, silivu kutoboka bila ingini kuchemsha

Fundi Nyundo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi. Kuna swali linarudi kila mara: ingini haijawahi kuchemsha, gasketi ni mpya, hedi imepimwa haina ufa, mbona maji yanapungua na oili imekuwa rangi ya maziwa?

Mara nyingi mchawi ni silivu, ule mkebe wa chuma ambamo pistoni inapanda na kushuka, tena kwa nje, kule inakooga maji. Ukiivuta unakuta vitundu kama vya sindano, vimejipanga wima upande ule pistoni inaoegemea. Wengi wanasema ni kutu. Kutu hula kwa upana, haichagui mstari.

Hii ni kavitesheni. Mafuta yakiwaka pistoni inapiga ukuta wa silivu, nao unatetema kama kengele. Ukuta ukirudi ndani ghafla maji hayawahi kuufuata, shinikizo linaanguka, panazaliwa mapovu madogo mno ya mvuke. Ukuta ukirudi nje, mapovu yanabomoka na kila moja linadonoa chuma. Lord Rayleigh alishalipigia hesabu povu linalobomoka mwaka 1917, enzi ambazo panga za meli zilikuwa zinaliwa kwa namna hiihii.

Nani yamemkuta? Aligundua vipi, na sasa anazuiaje? Karibuni.

Trekta la Marehemu

Asante kwa uzi, mkuu. Mimi nimerithi trekta la baba. Lilikuwa linakunywa maji kidogo kidogo, hakuna tone chini, na asubuhi moshi mweupe wenye harufu tamu. Kila aliyeliangalia alisema gasketi. Ikabadilishwa, maji yakaendelea kupungua.

Siku moja likagoma kuwaka. Stata inapiga "ko!" na kusimama. Fundi aliyeitwa akasema stata imechoka, akafunga nyingine yenye nguvu zaidi. Ikazungusha kweli, na konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, ikapinda. Maji yalikuwa yameingia juu ya pistoni usiku kucha kupitia kitundu cha silivu, na maji hayabanwi.

Kwa hiyo ukiona dizeli ya zamani imegoma kuzunguka ghafla na maji yalikuwa yanapungua, usilazimishe. Toa nozeli za mafuta zote, zungusha kwa mkono, uone kinachoruka.

Dereva wa Usiku

Mnatutisha bure. Lori ninaloendesha linakunywa maji ya bomba tangu nilikute na linapiga kazi. Hizo kulanti, maji ya rejeta yenye dawa ambayo mafundi hutuambia tununue, ni biashara ya watu.

Fundi Nyundo

Kaka, lori lako lina ingini gani? Ingini hazifanani. Cummins ya lita 5.9 haina silivu, pistoni inakimbia kwenye bloku lenyewe, na inasifika kwa kuvumilia. Lakini usidhani kukosa silivu ndiyo kinga. International 6.9 iliyofungwa kwenye pikapu za Ford kuanzia 1983 nayo haina. Mwaka 1988 ikapanuliwa kuwa 7.3 kwa kuongeza kipenyo cha silinda, kutoka milimita 101.6 hadi 104.4. Chuma kilichobaki kati ya pistoni na maji kikapungua, na 7.3 ikapata jina baya kwa kutoboka. Ile ikitoboka huna cha kuvuta. Unachonga bloku na kupachika silivu, ama unatafuta bloku lingine.

Na maji ya bomba, hata yasipotoboa, huacha ukoko kwenye bloku.

Mzee wa Jenereta

Wanangu, hamjambo. Nimelea majenereta tangu ujana, niseme la kwangu.

Watu wakisikia kulanti wanafikiria baridi na barafu. Kwenye dizeli nzito kazi yake kubwa ni nyingine. Ndani yake mara nyingi kuna nitriti, dawa ambayo hufunika chuma kwa utando mwembamba sana, na nyingine zina dawa ya molibdeti pia. Povu likibomoka linaumiza utando badala ya chuma, na utando hujijenga upya. Kwa hiyo nitriti inaliwa kila ingini inapofanya kazi. Rangi haisemi chochote. Nimeona kulanti ya kijani inang'aa kama mpya, ukiipima nitriti haimo kabisa.

Dawa ni kupima. Kuna karatasi za kuchovya, unalinganisha rangi na jedwali la kwenye chupa. Kwa kulanti za kizamani zinazotegemea nitriti peke yake, nitriti ikiwa chini ya ppm 1,200 (sehemu kwa milioni) mimi silali. Zile zenye molibdeti hutakiwa nitriti ndogo zaidi, fuata jedwali lake. Ikishuka unaongeza dawa ya rejeta, ile ya kuongezea nitriti, kwa kipimo.

Nasisitiza kwa kipimo, kwa sababu kuna wenye imani kwamba dawa nyingi ni afya nyingi. Ikizidi inaganda. Utakuta uji kwenye rejeta, na sili ya pampu ya maji imekwaruzwa na chembechembe. Nimefungua pampu nyingi zilizouawa na ukarimu.

Jingine ni kujaziajazia maji matupu. Kila lita unayoongeza inapunguza nguvu ya dawa. Changanya pembeni nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, ndipo ujazie. Wengine huyaita maji ya betri. Sawa, ila soma chupa vizuri, kuna yenye asidi, na hiyo ukimimina humo umekwisha.

Mwisho, angalia dumu. Kulanti ya magari madogo hutaja kiwango cha ubora cha ASTM D3306, na haikutengenezwa kwa ajili ya silivu za dizeli. Ya dizeli nzito zenye silivu hutaja D6210.

Bi Spana

Shikamoo mzee. Umemaliza, mimi naongeza mawili.

Mfuniko wa rejeta. Watu hufunga wowote unaoingia. Ule wa shinikizo la paundi 15 unafanya maji matupu yachemkie karibu nyuzi 121 badala ya 100, na shinikizo hilohilo linayabana mapovu yasizaliwe kirahisi. Springi ikilegea umepoteza ulinzi, na geji ya joto haitakuambia.

La pili, termostati, ile vali inayozuia maji yasiende rejeta hadi ingini ipate joto. Jamani, acheni kuitoa! Ingini ikikimbia baridi, pistoni haijatanuka vya kutosha, nafasi kati yake na silivu ni kubwa, inagonga silivu kwa nguvu zaidi. Gari linachemsha, mtu anang'oa termostati badala ya kuzibua rejeta, halafu anajisifu geji imeshuka.

Dereva wa Usiku

Hapo kwenye termostati dada umenigusa. La kwetu halina.

Sampo Chini

Namna ya kuhakikisha kabla hujashusha ingini: mwaga oili, fungua sampo (bakuli la oili chini ya ingini), pampu rejeta kwa kifaa cha kupimia presha hadi kiwango cha mfuniko, iache hivyo muda mrefu. Kisha lala chini na tochi. Tone likitokea katikati ya silivu, ni kitundu. Likitokea chini kabisa inapokaa, huenda ni oringi tu, ule mpira wa kuzibia, na silivu ni nzima, usiihukumu mapema.

Nilikovuta silivu na kukuta vidoa vya juujuu tu, nilizirudisha nimezizungusha robo mzunguko, ili upande mzima upokee kipigo. Kwenye shimo lenye kina huo ujanja haufai, weka mpya.

Trekta la Marehemu

Mzee wa Jenereta, shikamoo. Trekta sasa limefungwa silivu mpya na nimepewa kulanti nyekundu ya maisha marefu. Karatasi inasema nitriti sifuri. Niongeze dawa?

Mzee wa Jenereta

Marahaba mwanangu. Hapana, subiri. Nyingi za maisha marefu hulinda kwa asidi za kikaboni, na baadhi hazina nitriti tangu kiwandani, kwa hiyo karatasi ya nitriti haizipimi. Soma dumu kama imeruhusiwa kwa ingini yako na ina kipimo gani chake. Ila kama humo ndani kulibaki kulanti ya zamani au maji ya bomba, yamwage yote, safisha hadi yatoke meupe, ndipo ujaze. Na ukifungua bomba la chini la rejeta, kumbuka bloku nalo lina nati yake ya kumwagia, ubavuni. Wengi huisahau, na karibu nusu ya maji machafu hubaki humo.