Nataka tufanye tamasha la filamu za Kirusi hapa Mikindani, Mtwara, nianzie wapi?

MwalimuWaGhuba:
Wadau wa Kusini, habari za leo. Nafundisha historia sekondari hapa manispaa, naishi Mikindani. Kuna jambo halinitoki kichwani tangu niliposoma habari za Honfleur, mji mdogo wa bandari kule Normandy, Ufaransa. Mwaka 1993 walianzisha tamasha la filamu za Kirusi, likawa linafanyika kila Novemba. Si Paris ile, si Cannes. Ni mji wa maboti, na watu wake walikuwa wanajaa ukumbini kuangalia filamu za lugha wasiyoijua.

Nikaitazama ghuba yetu, nikajiuliza: sisi tunashindwa nini? Nataka jioni tatu tu, uwanja wa shule, projekta ninayo, shuka nyeupe zitaungwa. Wanafunzi wangu wanaisoma Vita Kuu ya Pili kwa kukariri tarehe, na inaniuma. Nataka waone sura za watu. Filamu zipi zianze? Zile zisizo na rangi watu watazivumilia? Na maandishi ya chini ni ya Kiingereza, sasa mama zangu wa sokoni watafanyaje?

Kibanda_Chikongola:
Mkuu, naendesha kibanda umiza cha filamu na mpira Chikongola, ngoja nikujibu hilo la mwisho. Watu hawasomi. Kusoma wanajua, ila mtu ametoka kubeba magunia ya korosho ghalani kutwa nzima, macho yamechoka. Nikiweka filamu ya Kikorea yenye maandishi wanabaki wanafunzi wachache. Nikiweka ileile ikiwa imetafsiriwa kwa sauti, wengine wanachungulia dirishani. Tafuta mtafsiri. Wikiendi usiguse, mpira wa Uingereza utakumalizia watu. Na ukifanya Julai, hizo shuka upepo wa kusi utazibeba. Tafuta ukuta uliopakwa chokaa.

FundiMifereji_Ligula:
Mwanangu mwalimu, umenigusa pazuri. Nilisomea umwagiliaji Tashkent miaka ya themanini, Uzbekistan ikiwa bado ndani ya Umoja wa Kisovyeti. Mji ule ulikuwa na tamasha la filamu za Asia na Afrika, lilianza 1968, likirudi kila baada ya miaka miwili, na baadaye zikaingizwa na za Amerika ya Kilatini. Kwa hiyo niliyoyaona mimi ni upande wa pili wa hilo unalolitaka: pale Afrika ndiyo ilipelekwa kwao.

Walitafsirije? Mkalimani alikaa nyuma ya ukumbi na maikrofoni, filamu ikienda naye anasema. Nilimsikia mama mmoja mtu mzima akisema maneno ya mwanamume, ya mtoto, ya hakimu, yote kwa sauti yake ileile. Hakuigiza. Alifuata midomo kwa nyuma kidogo tu, na alijua pa kunyamaza. Mwanzoni unamsikia yeye, baadaye unamsahau, unabaki na filamu.

Kwa hiyo huyu wa Chikongola ana haki, ila kwa moja nampinga. Watafsiri wetu wa vibandani ni hodari, lakini hawapumui, na filamu hizi zina mahali ambapo ukimya ndio unaozungumza. Chukua mwalimu mwenzako mwenye sauti nzuri, aiangalie filamu mara kadhaa, aandike Kiswahili chake kwenye daftari, asome mubashara. Kiswahili cha hapa hapa, si cha taarifa ya habari.

Filamu ya kwanza iwe Ballada o soldate, yaani Wimbo wa Askari, ya Grigori Chukhrai, 1959. Askari kijana, Alyosha, anateketeza vifaru viwili vya Wajerumani. Jenerali anataka kumpa nishani, yeye anaomba ruhusa akamwone mama yake, paa la nyumba linavuja. Anapewa siku sita: mbili za kwenda, mbili za kurudi, mbili za paa. Njiani askari mwingine anamwomba ampelekee mkewe sabuni. Vipande viwili, na ndiyo yote waliyokuwa nayo wenzake kikosini. Alyosha anafika, anakuta yule mke anaishi na mwanamume mwingine. Anatoka, kisha anarudi, anaichukua ile sabuni na kumpelekea baba wa yule askari. Hakuna risasi hapo, na ukumbi mzima utaguna. Kwa mama anafika akiwa na dakika chache tu. Mama anatoka shambani mbio. Paa halijaguswa.

Mimi niliiona filamu hiyo hosteli, mama yangu yuko Newala, anashuka bondeni kufuata maji na kupanda nayo kichwani. Maji hayo ndiyo yaliyonipeleka kusoma mifereji. Sikulala usiku ule. Usihofu rangi, mwanangu. Mama wa Mikindani mwenye mtoto Dar es Salaam ataielewa kabla mtafsiri hajafungua mdomo.

Ya pili Letyat zhuravli, yaani Korongo Wanaruka, ya Mikhail Kalatozov, iliyopata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1958. Kijana anapigwa risasi msituni, na anavyoanguka miti inazunguka juu yake. Mpigapicha alikuwa Sergei Urusevsky. Waambie wanafunzi waangalie kamera inavyokimbia na watu.

Jioni ya tatu weka filamu ya Mwafrika aliyesomea kule. Ousmane Sembène wa Senegal alijifunza Moscow, Souleymane Cissé wa Mali pia, na Abderrahmane Sissako baada yao.

BintiMasasi:
Shikamoo mzee, nimesoma nikapata machozi. Mwalimu, mimi naomba kitu kimoja. Usiliite la Kirusi, liite la Kisovyeti. Chukhrai alizaliwa Melitopol, Ukraine. Kalatozov alizaliwa Tbilisi, Georgia. Kwa vita hii ya Urusi na Ukraine, wanafunzi wana haki ya kujua nani alitoka wapi. Sema kabla ya kila filamu, dakika moja inatosha.

Na kibali: kuonyesha filamu hadharani kunahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, hata bila kiingilio. Anza kwa afisa utamaduni wa manispaa. Hizo filamu mbili za mzee ni za studio ya Mosfilm ya Moscow, nao wana chaneli yao YouTube yenye filamu nyingi za zamani, lakini kuziona kwenye simu si ruhusa ya kuonyesha uwanjani. Waandikie.

FundiMifereji_Ligula:
Marahaba binti. Hilo la jina umesema kweli, nami Tashkent haikuwa Urusi.

MwalimuWaGhuba:
Asanteni sana. Jina linabadilika leo hii. Barua ya afisa utamaduni naipeleka Jumatatu, na ya Mosfilm, mzee, nakuomba uiandike wewe kwa Kirusi. Tutafanya katikati ya wiki, mwezi wa kumi, kusi ikiwa imetulia na mvua bado. Wa Chikongola, spika zako zikoje?

Kibanda_Chikongola:
Zipo mbili kubwa, na jenereta kama umeme utakatika. Nunua mafuta tu.