Kijana wa katuni na kitu cha ajabu: vitabu hivi viingie maktaba za shule kando ya Ziwa, au vibaki nje?

Mkutubi wa Igoma

Wakuu, salaam. Katuni za mashujaa wa Kimarekani zinafika Mwanza, za mitumba na za kutolewa kopi, na walimu wanauliza kama ziwekwe kwenye kabati za maktaba za shule. Sina ugomvi na ngumi wala mavazi ya kubana. Ugomvi wangu ni na aina moja ya hadithi: kijana wa miaka 15 au 16, hana hili wala lile, anaokota kitu cha ajabu, na tangu siku hiyo ana nguvu.

Kwa mtoto wa Chicago hiyo ni ndoto tu. Kwa mtoto wa huku ni uthibitisho wa jambo aliloshaambiwa kuwa ni kweli. Kanda ya Ziwa ndiko mauaji ya watu wenye ualbino yalikoshika kasi kuanzia 2006 na 2007, na chanzo kilikuwa imani kwamba kuna kitu ukikipata nyavu zitajaa na mgodi utatema dhahabu. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inamgusa hata anayekutwa na vifaa vya uchawi. Halafu tumpe mtoto kitabu cha rangi kinachomwambia kwamba kifaa ndicho kinachomfanya mtu kuwa mtu? Msimamo wangu: visiingie shule za msingi. Anayepinga alete hoja.

WinoMweusi

Mkutubi, kwa heshima zote, umetia vitu viwili kapu moja. Hirizi na kitu cha ajabu cha kwenye katuni havifanani, na tofauti unaiona ukisoma mpaka mwisho.

Mchukue Jaime Reyes, mtu wa tatu kubeba jina la shujaa Blue Beetle, kijana wa El Paso, Texas, aliyeanza kuonekana 2006. Anaokota kijisanamu cha mbawakawa, anakwenda nacho nyumbani, usiku kinamwingia mwilini na kujishikiza kwenye uti wa mgongo. Hakukiomba, hakukinunua, na hawezi kukivua. Kinasema naye kwa lugha asiyoielewa, na mara nyingi kinataka kuua pale ambapo yeye anataka kuzuia tu.

Sasa tazama historia yake. Mwaka 1964 mbawakawa huyo alikuwa mikononi mwa Dan Garrett, mtafiti wa mambo ya kale, na akaelezwa kuwa uchawi wa Misri. Ted Kord, aliyemrithi Garrett, hakupata nguvu yoyote kwa mbawakawa huyo, akafanya kazi kwa mitambo aliyoiunda mwenyewe. Zamu ya Jaime ndipo msomaji anapogundua kwamba haukuwa uchawi hata kidogo: ni chombo cha wavamizi wa sayari nyingine, kilichotumwa kumgeuza anayekivaa awe kibaraka wao. Kilikuwa kimeharibika, ndiyo maana kijana akabaki na hiari yake. Mtoto aliyefika hapo atauliza nani kakitengeneza na anataka nini, na swali hilo mpiga ramli hapendi kuulizwa.

Jambo lingine wengi hulipita: familia ya Jaime inajua mapema. Hakuna siri ya kufichiwa mama.

Mwalimu wa Ilemela

Wino, nakubaliana nawe nusu. Unayoyasema yanamfikia aliyesoma mfululizo wote. Katuni hizi hutoka toleo kwa toleo, kila moja na kurasa 20 hadi 22 za hadithi, na ufafanuzi kwamba mbawakawa si uchawi unakuja matoleo mengi baada ya lile la kwanza. Kwenye maktaba ya shule mtoto hupata toleo moja, tena limeng'oka jalada. Anachoondoka nacho ni kijana kuokota kitu na kitu kung'aa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa manunuzi. Msinunue matoleo yaliyotawanyika. Nunueni juzuu iliyokusanya hadithi kuanzia mwanzo hadi jibu lilipotolewa, na kabla ya kulipa mtu mzima aisome yote akiwa na maswali manne kwenye karatasi: kitu hiki kinafanya nini, hakifanyi nini, kinaisha lini, na kinamdai nini anayekitumia. Ukikosa jibu la hata moja, rudisha kitabu. Pete ya Hal Jordan, yule shujaa Green Lantern wa 1959, inavuka mtihani huo vizuri: chaji yake ni ya saa 24, na haiwezi kitu mbele ya rangi ya njano. Kijana mwenye pete ya namna hiyo hupanga muda wake. Kitu kisicho na kikomo ndicho kinachofanana na hirizi, maana hirizi nayo haina kikomo kinachotajwa. Ikishindwa, unaambiwa hukufuata masharti.

Na msisahau kwamba Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa sababu za maadili, vikiwamo vya mfululizo wa michoro ya katuni ambao watoto wanaupenda sana. Kitabu cha ziada kina njia yake, nayo inapita Taasisi ya Elimu Tanzania. Anayekipitisha mlango wa nyuma anamponza mwalimu mkuu.

Ng'wana Magu

Mbona mnazungumza kana kwamba hadithi hizi zimetufuata kwa meli? Usukumani kijana mwenye nguvu za ajabu anasimuliwa siku zote. Ng'wanamalundi, aliyefariki 1936, husemwa alikuwa akinyooshea mti kidole unakauka. Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma yanayoshindana mpaka leo kwenye sherehe za Bulabo pale Bujora, asili yake ni Ngika na Gumha waliopimana nani ana dawa kali zaidi. Mtoto wa Kisesa anayajua haya kabla hajaijua herufi A. Mkizuia katuni kwa sababu hiyo, itabidi mzuie na ngoma.

Lakini tunaye mwingine, naye ndiye ningependa achorwe kwanza: Masala Kulangwa. Zimwi Shing'weng'we limemeza watu wote, kabaki mama mmoja mjamzito. Mtoto anazaliwa, anakua, anauliza watu wako wapi. Anaanza na panzi: mama, huyu ndiye Shing'weng'we? Siye. Anarudi na ndege, anarudi na mnyama mkubwa zaidi, kila mara swali lilelile, mpaka anakutana na zimwi lenyewe, analiua, analipasua na watu wanatoka. Katika kupasua anamkata bibi kizee sikio. Bibi anakasirika, anataka kumloga, na kijana inambidi atafute dawa ya kumponya. Hajaokota kitu chochote. Ana mshale, swali, na kosa lake mwenyewe la kurekebisha.

Mama Kirumba

Ng'wana Magu, hadithi ya Masala Kulangwa ni tamu, ila hujajibu hoja ya Mkutubi. Hadithi ya bibi inasimuliwa na bibi, naye yupo palepale kumrekebisha mtoto. Kitabu mtoto anakisoma peke yake. Na kwenye maeneo haya kuna bibi waliouawa kwa sababu tu ya macho mekundu, macho ya moshi wa kuni wa miaka mingi. Bibi kizee anayetaka kumloga shujaa, mkichora, mtamchoraje? Mkimtia macho mekundu mmeua.

Ng'wana Magu

Hapo umenifunga, mama. Macho yake yachorwe ya kawaida kabisa, na sikio linalovuja damu lionekane vizuri, ili msomaji aone kwamba hasira yake ina sababu.

Fundi Chapa wa Makoroboi

Naona mnaelekea kutunga ya kwetu. Basi sikilizeni upande wa karatasi, maana kazi nyingi hufia hapa.

Umbo rahisi ni A4 iliyokunjwa kuwa A5 na kupigwa pini mbili mgongoni. Kila karatasi inatoa kurasa nne, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Karatasi tano za ndani zinakupa kurasa 20 za hadithi, ya sita ni jalada. Mchoro unaotaka kutandaa kurasa mbili uweke ukurasa wa 10 na 11, katikati, kwa kuwa ni hapo tu ambapo kurasa mbili zinazotazamana ziko upande mmoja wa karatasi moja. Kwingine kote nusu mbili za picha zinachapwa karatasi tofauti, na mkono wa shujaa utaachana na bega.

Mchoraji akichora kwenye A4 na kitabu kikatoka A5, kila kitu kinashuka mpaka asilimia 71. Herufi ya milimita 4 inakuwa pungufu ya 3. Mstari wa milimita 0.3 unabaki 0.2, na kwenye mashine ya fotokopi unakatika. Kivuli cha penseli kinatoka kama uchafu. Tumieni wino mweusi tupu na vivuli vya mistari yenye nafasi. Maneno yakae milimita 8 kutoka ukingo wa nje, kwa sababu karatasi zikikunjwa pamoja zile za katikati huchomoza, zikishakatwa zinyooke herufi za pembeni zinaondoka.

Kosa kubwa kuliko yote ni kutafsiri katuni ya Kiingereza na kuacha vilevile viputo vya maneno ya wahusika. "Sitakurudishia" ni neno moja, halikatiki. Kiputo kilichochorwa chembamba kwa maneno mafupi hakilibebi, fundi anapunguza herufi, mtoto hasomi. Ukikipanua kiputo kinafunika uso. Ya kwetu ichorwe na viputo vipana tangu penseli ya kwanza, maneno yasizidi 20 kwa kiputo, fremu tano kwa ukurasa, na anayesema kwanza akae kushoto.

WinoMweusi

Fundi, hayo ni dhahabu. Basi napendekeza kitu chenyewe: karabai, ile taa ya pampu. Kijana wa Ukerewe anakuta karabai kuukuu chini ya mtumbwi. Maswali manne ya Mwalimu yanajijibu. Presha ya tenki ikishuka, mwanga unashuka, lazima apampu. Utambi wake wa kitambaa ukishaungua mara ya kwanza unabaki majivu matupu, ukitikisika unavunjika, kwa hiyo shujaa hawezi kurukaruka nayo. Na wavuvi wa dagaa, wanaovuta samaki kwa taa, wanategemea giza. Siku za mbalamwezi wanapumzika, na nguvu zake nazo zinapumzika. Hakuna mtoto wa kisiwani atakayehitaji kuelezwa.

Mama Kirumba

Hapana. Mbawakawa wa sayari nyingine mtoto hawezi kumpata. Karabai iko stoo. Ataishusha, atapampu mpaka basi, na akikosa mafuta ya taa atatia petroli ya mashine ya mtumbwi, tenki limlipukie usoni. Kadiri kitu kilivyo cha nyumbani ndivyo kinavyoigwa. Na usiniambie mtachora karabai isiyo na mafuta. Mafuta hayaonekani kwenye picha.

Mwalimu wa Ilemela

Mama ana haki. Vipi lile jiwe linalocheza la kisiwa cha Ukara?

Ng'wana Magu

Lile lina wenyewe, Mwalimu, na lina heshima zake za kimila. Ukilitia kwenye katuni bila kuketi nao umewakosea, na umerudi palepale anapopakataa Mkutubi, kwenye tambiko. Kama ni jiwe, liwe nanga. Jiwe la kawaida lililofungwa kamba, limenaswa na wavu wakati wa kuvuta. Halivaliki shingoni, halifichiki mfukoni, linataka watu wawili kulipandisha mtumbwini. Nguvu yake ni kushikilia tu: boti inayopelekwa na dhoruba inasimama, mtu anayezama habebwi mbali. Haliwezi kumpiga mtu. Na linaishia kamba inapoishia. Ziwa letu lina wastani wa mita 40, penye kina kirefu zaidi ni kama 80, kwa hiyo kijana mwenye kamba ya mita 30 ana sehemu nyingi ambazo hana msaada wowote, na kila akitaka kwenda mbali inabidi aombe kamba kwa jirani.

WinoMweusi

Naiachia karabai. Nanga inahitaji mwenzake wa kushika kamba, na huyo mwenzake ndiye hadithi.

Mama Kirumba

Huyo mwenzake awe binti, na avae boya la kuokolea kila fremu wanapokuwa majini. Shujaa naye avae. Mkisahau fremu moja, mtoto ataiga hiyo moja.

Mkutubi wa Igoma

Nanga naipokea kwa majaribio. Vile vya kigeni msimamo wangu ni uleule kwa shule za msingi. Kwa sekondari nakubali juzuu kamili, kwa maswali manne ya Mwalimu.

Majaribio yenyewe yawe hivi. Chapeni nakala 30 za kurasa nane za mwanzo tu, karatasi mbili zilizokunjwa. Mwombeni ruhusa mwalimu mkuu, naye asome kwanza. Darasa la Sita wasome kimya dakika 20, kisha kabla ya mazungumzo yoyote kila mtoto aandike jibu la swali moja: kijana huyu amefanikiwa kwa sababu gani? Msiwape majibu ya kuchagua, maana watachagua linalompendeza mwalimu. Majibu yanayotaja jiwe peke yake yawekwe rundo moja, yanayotaja kamba, mwenzake au uamuzi wake rundo la pili. Rundo la kwanza likizidi, ukurasa wa kuokota urudishwe mezani uchorwe upya, na Wino usinune.