Je, mjusi wa majabali ya Mwanza ana undugu na anoli?

Mwalimu wa Kirumba
Ndugu wanajukwaa, juzi niliwapeleka wanafunzi wangu kwenye majabali ya Capri Point, tukamkuta mjusi dume mwenye kichwa na mabega ya rangi ya waridi na kiwiliwili cha buluu, akitikisa kichwa juu chini mbele ya mwenzake. Mwanafunzi mmoja akasema huyo ni anoli, kwa kuwa alimwona mjusi wa Marekani kwenye video akifanya vivyo hivyo. Je, wawili hao ni wa familia moja?

Mpenda Mijusi
Hapana, Mwalimu. Mliyemwona ni *Agama mwanzae*, aliyepewa jina hilo la mji wetu na mtaalamu wa wanyama watambaao, Loveridge, mwaka 1923, naye ni wa familia ya Agamidae. Anoli ni wa jenasi *Anolis*, yenye spishi zaidi ya 400, na asili yao ni Amerika na visiwa vya Karibi. Wote wamo katika oda ya Squamata, pamoja na nyoka, na ndani yake katika kundi la Iguania, lakini undugu wao unaishia hapo. Fungua kinywa cha agama: meno yake mengi yamegandamana na ukingo wa taya na hayaoti tena yakichakaa, ilhali ya anoli yameshikizwa upande wa ndani wa taya, na likitoka moja huota jingine. Kinyonga ana meno kama ya agama, kwa hiyo ndugu wa karibu wa mjusi wetu ni kinyonga.

Binti wa Ukerewe
Mimi nilidhani anoli ni ndugu wa mjusi kafiri, maana vidole vyake vina pedi za kunatia ukutani.

Mpenda Mijusi
Dada, pedi hizo zimewapotosha wengi, lakini kila ukoo ulizipata kwa njia yake. Agama wa majabali hana pedi hizo. Hukwea kwa kucha. Zamani anoli waliwekwa pamoja na iguana katika familia ya Iguanidae, ila sasa wataalamu wengi huwapa familia yao, Dactyloidae. Dume wao hutandaza ngozi ya kooni yenye rangi kali anapotikisa kichwa.

Mwalimu wa Kirumba
Asanteni sana. Maabara yetu ina fuvu la agama lililookotwa majabalini. Jumatatu wanafunzi watayatazama meno yake kwa lenzi, na yule mwanafunzi ndiye atakayeanza.